Kabla Hujamwashia Mtoto Filamu

Wanangu mnaokuja kwangu Rashidiya, huku kwa Waarabu, siku za Jumapili, mkavua viatu mkala wali wangu na kuniuliza ya dunia, kuna ombi moja nimelikataa na nitaendelea kulikataa. Neema, binti wa Mbeya anayelea watoto kwa watu kule Mirdif, aliniomba nimtajie filamu nzuri za watoto, moja baada ya nyingine, ili madam wake akimpa tableti awe anajua abonyeze wapi. Nikamwambia sina. Akadhani nimechoka. Sikuchoka, mwanangu. Mtu akiniuliza kama filamu fulani inafaa watoto, na mimi humuuliza: mtoto gani? Kama humjui mtoto, sina la kukwambia, na ukimwona mtu ana jibu la haraka haraka, ujue ana kitu anakuuzia.

Ninyi mmenikuta nimeshazeeka, nakaa kwa mwanangu anayefanya kazi uwanja wa ndege, kazi yangu kupika na kusema. Hamkunijua kazini. Mimi Mwanamkasi, mtu wa Pangani, nimekula miaka yangu kwenye jumba la michezo ya watoto pale Mirdif. Wazazi walikuwa wakiwaacha watoto wao kwetu alasiri wakienda zao, wengine wakiletwa na mayaya, wengine na madereva. Palikuwa na vibembea, dimbwi la mipira ya plastiki, meza za kuchorea, na nyuma kabisa chumba chenye zulia, mito na tivii kubwa ukutani, kilichonuka soksi na bisi. Nilianza na kudeki vyoo, nikaishia kwenye chumba kile, na rimoti ikawa mkononi mwangu. Watoto wa kila taifa mnalolijua hapa mjini walikaa mbele yangu, nami ndiye niliyeamua watazame nini. Watu walikuwa wakinicheka, ati kazi yako ni kubonyeza. Wacheke.

Aliyenifunza ni Bi Zamzam, mama wa Kiunguja ambaye ukoo wao ulihamia huku zamani sana, lakini lafudhi ya Unguja haikumtoka hata chembe. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye ulimi kama kiwembe. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama nyuma ya watoto nimekodoa macho kwenye tivii, nacheka kuliko wao. Akanigusa begani.

"Wee mwana, kwani umelipa kiingilio? Geuka huku. Ya kwenye kioo yashajulikana. Tazama miguu."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Hakuwa na mzaha. Alinikalisha pembeni mwa chumba, mgongo kwenye ukuta, nikawa sioni tivii, nawaona watoto tu. Akanionyesha kwamba uso wa mtoto ni mwongo, maana mtoto hutazama mwenzake anafanyaje naye akafanya vivyo hivyo. Wakicheka wakubwa, na mdogo anacheka. Miguu haina adabu hiyo. Mtoto akiwa ametulia, nyayo zake zimelala kwenye zulia au zinacheza cheza ovyo. Akianza kukunja vidole, kisha akaipandisha miguu juu ya mto kana kwamba sakafuni kunaingia maji, basi filamu hiyo imeshamzidi, hata kama mdomo unacheka. Kicheko cha woga nacho mtakijua mkikizoea. Huanza kabla jambo lenyewe halijafika, tena hakina pumzi.

Bi Zamzam mwenyewe alikuwa akiwasimulia wageni wote wa kazi kisa chake cha mashine ya kufyonza vumbi. Alipata filamu ya vichekesho, vitu vya nyumbani vinaongea, birika linaimba, kijiko kinacheza. Adui alikuwa mashine ya kufyonza vumbi iliyomeza wanasesere mmoja mmoja. Jalada lilikuwa la rangi za kupendeza, mtoto anatabasamu. Bi Zamzam akaiweka, akaenda kunywa chai. Wiki ile ilipoisha, mayaya wa Mirdif walikuja kumlalamikia kama ujumbe wa kijiji. Mmoja mtoto wake alikuwa akijifungia kabatini kila akisikia mashine imewashwa. Mwingine alikuwa hawezi tena kusafisha sebule mpaka mtoto atolewe nyumbani kwa gari, azungushwe, kisha arudishwe. Bi Zamzam aliwaambia wafagie kwa mikono, ni mazoezi mazuri kwa kiuno. Lakini baada ya hapo hakuweka tena filamu ambayo hajaitazama mwenyewe mpaka majina ya mwisho, na mimi nilirithi desturi hiyo.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo: itazame kwanza peke yako, yote. Watu hutazama mwanzo wakaona sungura anarukaruka wakasema hii ni ya watoto. Vitisho huwekwa katikati. La pili alilonifunza ni kuigeuzia mgongo. Iwashe, halafu kunja nguo au menya viazi, sikiliza tu. Watoto wadogo huogopeshwa na muziki kuliko picha. Kuna ule muziki mzito unaotambaa chini chini kabla mlango haujafunguka. Mtu mzima ameuzoea, lakini mtoto wa miaka mitatu unamwingia tumboni, hata nyuma ya mlango pakiwa na kuku tu. Filamu nyingi nimezikataa nikiwa jikoni sijaona kitu.

Na taa msizime zote. Wenye jumba walitaka chumba kiwe giza kama sinema ya kweli. Nilikuwa nikiwasha taa za pembeni kila siku, wao wanazima, mimi nawasha, mpaka wakachoka wao.

Halafu pima kwa aliye mdogo kuliko wote chumbani. Wakubwa watakuita mshamba, watakwambia wameshaona za kutisha zaidi kwa binamu zao. Waambie hongera. Wakati mwingine filamu ilinishinda katikati, miguu imepanda juu ya mito, na kuizima ghafla nayo ni kumtangaza aliyeogopa mbele ya wenzake. Basi nilikuwa nasimama mbele ya tivii na sahani ya matikiti, hivi nilivyo mpana, nawauliza nani anataka kipande cha katikati kisicho na mbegu. Wanagombania tikiti, mimi kwa mkono wa nyuma nimeshabadilisha. Hakuna aliyeaibika.

Msije mkadhani nilikuwa mama wa kukataza tu. Wakatazaji walikuwa wengi kuliko mimi. Baba mmoja hakutaka mwanawe aone nguruwe hata wa kuchorwa; nikamheshimu, siku mwanawe akiwepo nguruwe alipumzika. Mama mmoja alikuja kunilalamikia kwamba katika kila filamu mama wa kambo ni mchawi, na yeye ndiye mama wa kambo wa wale mapacha anaowaleta, na tangu waanze kuja kwetu wanakataa kula chakula chake wakidhani kina sumu. Nilimkalisha nikacheka naye, kisha nikazitoa zote. Kosa la mwanamke yule ni nini, kama si kuolewa na mwenye watoto? Lakini alikuwepo pia mzazi aliyetaka niondoe kila filamu yenye mtu anayekosea, anayegombana au anayehuzunika. Nilimuuliza kinachobaki ni nini. Akasema nyimbo za herufi.

Mimi niliweka zenye huzuni, na nilizipigania. Hapo ndipo yaliponikuta niliyotaka kuwasimulia.

Wakati huo mambo yalikuwa yameshabadilika. Bi Zamzam alikuwa amestaafu. Nilipoanza, filamu zilikuwa kwenye santuri za kung'aa ndani ya boksi. Filamu ikiisha imeisha, mtoto anainuka, anakwenda chooni, anaanza kugombana na mwenzake kama binadamu. Kisha zikaja za mtandao. Moja ikiisha nyingine inajianzisha yenyewe, na yenyewe ndiyo inayochagua. Nimewahi kutoka kumfuta mtoto pua, nikarudi nikakuta imejiwekea kitu chenye macho mekundu. Tangu siku ile nilikuwa nakaa na rimoti mfukoni mwa aproni.

Tulikuwa pia na meneja mpya, madam Lina. Siwezi kumsema vibaya, alikuwa mtu wa haki, likizo zetu alizitunza na hakumpigia mtu kelele. Lakini aliingia na neno lake moja: hapa hakuna kilio. Alitaka mzazi akija kumchukua mtoto amkute anatabasamu. Akaniambia nitoe kila filamu inayowaliza watoto, akaitaja moja kwa jina, ile tuliyokuwa tukiiita ya mbuzi.

Niwaelezee hiyo filamu. Ni ya katuni, haina maneno mengi. Kundi la mbuzi linahama mlimani kwenda kutafuta majani, linaongozwa na mbuzi jike mzee sana anayeijua njia. Nyuma yake anatembea mjukuu wake, kimbuzi kitundu, kinauliza kila kitu. Wanavuka mawe, wananyeshewa, wanacheka. Asubuhi moja mbuzi mzee analala chini ya jabali na haamki. Kimbuzi kinamsukuma kwa pua. Kinangoja. Kundi linangoja nalo. Mwisho kinainuka, kinakwenda mbele, kinagundua kwamba njia kinaijua, maana kilikuwa kikifundishwa siku zote kikidhani wanacheza. Hakuna damu, hakuna mnyama mkali, wala muziki wa kutambaa.

Nilimwambia madam Lina siitoi. Aliniuliza kwa nini natetea filamu inayoliza watoto. Nikamwambia kuna kilio cha mtoto aliyetishwa na kilio cha mtoto aliyeguswa. Nimevisikia vyote, si kitu kimoja. Anayetishwa hataki kuiona tena. Ile ya mbuzi watoto waliililia leo, kesho wakaiomba. Akasema mzazi mmoja amelalamika. Nikamwambia huyo mmoja mwanawe ndiye anayeiomba kuliko wote. Alitikisa kichwa akasema atalifikiria. Hakuniruhusu, hakunikataza, na mimi sikumkumbusha.

Miongoni mwa watoto alikuwemo Saif, mtoto wa miaka mitano hivi, wa familia ya hapa hapa. Aliyekuwa akimleta ni bibi yake, yadduh kama watoto wa huku wanavyowaita bibi zao. Mama mtu mzima, barakoa ya kizamani usoni, akivuta mguu mmoja. Alikuwa haondoki upesi. Alikaa kwenye benchi la mlangoni na chai yake ya karaki, ile nzito ya maziwa, mpaka ahakikishe Saif ameingia mchezoni na kumsahau, ndipo ainuke polepole aende zake. Hatukuwa na lugha nzuri kati yetu, Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini kila siku aliniuliza hali ya wanangu kwa majina yao.

Wiki moja hakuonekana. Saif akawa analetwa na dereva wao, Juma, kijana wa Kwale. Nilimuuliza Juma mama mzee yuko wapi. Alitazama nyuma kwanza, akanisogelea.

"Bi Mwanamkasi, mama mzee ameaga. Wamezika juzi. Lakini huyu kijana ameambiwa nyanyake ako Al Ain kwa jamaa. Tafadhali usinitie matatani."

Nilimuombea marehemu, nikamwambia Juma asiwe na wasiwasi, sikusikia kitu. Mambo ya nyumba za watu huachwa kwenye nyumba za watu. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyokusudia.

Ila Saif alibadilika mbele ya macho yangu. Akawa hataki kuvua viatu. Akivuliwa, anakaa pale mlangoni, uso kwenye benchi. Mipira haitaki, kalamu za rangi hazitaki. Alikuwa akiniuliza kama Al Ain ni mbali. Siku nyingine akaniuliza kama Al Ain kuna simu. Mtoto aliyeamini alichoambiwa haulizi kama Al Ain kuna simu. Nilimwona anabeba kitu kizito peke yake, na watu wazima wote waliomzunguka, mimi nikiwemo, tumemgeuzia uso wa kutabasamu.

Sitawadanganya kwamba yaliyofuata yalitokea tu. Niliichagua. Nilijua Saif yumo chumbani, nilijua bibi yake amekufa, na nilijua filamu ina nini. Nilimshika mkono nikamtoa mlangoni, nikamwambia nataka akae na mimi. Nikawasha taa za pembeni, nikakaa chini kwenye zulia, yeye ubavuni kwangu, wenzake wamejilaza huku na huku.

Mwanzo alicheka, kile kimbuzi kinachekesha. Walipofika kwenye jabali akaacha kucheka. Mbuzi mzee akalala, kimbuzi kikaanza kumsukuma kwa pua. Mtoto mmoja akasema amelala. Msichana mmoja mkubwa kidogo akamwambia hapana, amekufa, sasa tulia utaona. Saif hakuitazama tena tivii. Alinigeukia mimi. Miguu yake ilikuwa imelala kwenye zulia, imetulia kabisa.

"Khala," akasema, maana wote waliniita hivyo, yaani mama mdogo. "Yadduh hayuko Al Ain."

Halikuwa swali. Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo.

"Sandali zake ziko mlangoni."

Tangu siku ile bibi alipotoweka, mtoto huyu alikuwa akipita mbele ya sandali zile kila akitoka na kila akiingia, akijua kwamba bibi yake hawezi kwenda Al Ain pekupeku, na hana wa kumwambia.

"Amekufa?" akaniuliza.

Kuna jibu la usalama, nanyi mtafundishwa: muulize mama. Lilikuwa mdomoni kwangu tayari. Lakini Saif alikwisha kumuuliza mama yake, ndiyo maana alikuwa ananiuliza mimi.

"Ndiyo, Saif. Amekufa."

"Hatazivaa tena?"

"Hatazivaa tena."

Akaegemeza kichwa kwenye mkono wangu, akaigeukia tena tivii, tukaitazama mpaka mwisho. Hakulia pale mbuzi alipolala. Alilia kundi lilipofika kwenye majani, kilio cha kawaida chenye kamasi, cha mtoto anayejua anachokililia. Nilimfuta, nikampa maji. Kisha akaenda kwenye dimbwi la mipira. Watoto ndivyo walivyo.

Juma alipokuja nilimweleza yote ili asije akashtukizwa nyumbani. Alijishika kichwa, akaniambia nimemmaliza. Nikamwambia jina lake halitatoka kinywani mwangu, na halikutoka.

Kesho yake asubuhi niliitwa ofisini. Alikuwepo madam Lina, na alikuwepo mama yake Saif, madam Shamma. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu. Mwanamke mdogo kuliko nilivyomdhania, abaya nyeusi, miwani ya jua ambayo hakuivua. Hakufoka. Aliniuliza nani aliniambia habari za nyumbani kwake. Nikamjibu kwamba Saif mwenyewe aliziona sandali. Kisha akasema maneno ambayo nitawaambieni kama alivyoyasema.

"Ni mama yangu mimi. Mimi ndiye niliyefiwa, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia mwanangu. Nilikuwa natafuta nguvu. Wewe umeninyang'anya."

Neno hilo lilinipiga, wanangu. Alikuwa na haki ya kulisema.

Madam Lina akaona njia ya kututoa sote. Akamwambia kwamba filamu ile iliwekwa kwa bahati mbaya, ilijianzisha yenyewe kama kawaida ya mitandao, na kwamba Mwanamkasi anaomba radhi. Kisha akanitazama ili nimalizie. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja, sisi sote tunarudi kazini.

Nilimwambia madam Shamma kwamba nampa pole ya msiba kwa moyo wangu wote, kwamba mama yake alikuwa akiwauliza wanangu kwa majina na nitamkumbuka katika dua zangu. Halafu nikasema: "Lakini filamu haikujianzisha, madam. Niliiweka mimi. Mwanao aliniuliza, nikamjibu. Akiniuliza tena nitamjibu vilevile."

Aliinuka akatoka. Saif akaacha kuletwa.

Madam Lina akawa anageuza kalamu. Sikufukuzwa, na hilo namshukuru, maana angeweza. Aliniambia kwa upole kabisa, "Khalas, yameisha, Mwanamkasi. Kuanzia leo viatu." Akanyoosha mkono, nikatoa rimoti mfukoni nikampa. Chumba cha tivii kikaachwa kijiendeshe na mtandao, filamu juu ya filamu, na binti mmoja wa kupita kuchungulia.

Kaunta ya viatu ni pale mlangoni. Unavua mtoto viatu, unavipanga, akitoka unamvisha. Wenzangu walinionea huruma. Wakaniambia nimwendee madam Lina nikaseme nimekosa, nirudishiwe chumba changu. Mwanangu naye akaniambia, mama, neno moja tu, limekushinda nini? Nikamwambia halijanishinda kulisema, limenishinda kuwa kweli. Nilisikitika kwa yule mama, na bado nasikitika. Lakini kama ningeomba radhi kwa kumjibu mtoto, basi ningekuwa nasema kwamba alistahili kuendelea kuzipita sandali zile peke yake. Sikusema hivyo pale ofisini, na sitasema hivyo leo.

Tena kazi yenyewe sikuiacha. Mtoto ukimvisha viatu mko ana kwa ana, wewe umepiga magoti, yeye amekaa juu kama bwana harusi. Hapo ndipo alipokuwa akinieleza alichokiona mle ndani. Mmoja aliniambia kuna samaki mwenye meno anayetoka kwenye bomba la kuogea. Nikamfundisha kwamba kila katuni ilichorwa na mtu mwenye kalamu, basi na yeye akifika nyumbani amchore samaki huyo amvike chupi ya maua. Akaniletea picha. Niliibandika kaunta. Yaya akija kumchukua mtoto, nilimwambia kimya kimya mtoto wake leo ametazama nini na ameogopa wapi, ili asipigwe na mshangao mtoto akikataa kuoga. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Hakuna aliyeniambia nisifanye.

Ramadhani ikapita, Idi ikapita. Alasiri moja nikiwa nimeinama napanga viatu, nikaona abaya nyeusi mbele ya kaunta. Nilipoinua uso, alikuwa madam Shamma, na Saif kamshika mkono. Saif alikuwa amerefuka, meno ya mbele hayapo. Aliniamkia kama tuliagana jana.

Madam Shamma safari hii alivua miwani. Hakutaja ya ofisini, nami sikuyataja. Alitazama benchi la mlangoni, akageuza macho.

"Ile filamu ya mbuzi," akasema. "Inaitwaje?"

Nikamtajia jina. Akaliandika kwenye simu yake, akaniuliza herufi moja moja.

"Saif anataka nitazame naye," akasema. "Ananiambia kila siku, mama, twende tutazame. Mimi ndiye ninayeogopa."

Nilimwambia asizime taa zote. Akae chini kwenye zulia, Saif awe ubavuni kwake. Wakifika kwenye jabali asiharakishe kusema neno, na kilio kikimjia alie tu, Saif atajua la kufanya. Akasema inshallah. Kisha akachutama pale pale na abaya yake, akamvua Saif viatu kwa mkono wake mwenyewe, akanipa.

Alipoondoka, madam Lina alitoka ofisini kuniuliza yule mama alitaka nini, kama kuna malalamiko mengine. Nikamwambia hakuna, alikuwa akiuliza jina la filamu. Akarudi ndani.

Nilikaa kaunta ya viatu mpaka nilipostaafu. Rimoti sikurudishiwa. Na radhi sikuomba.